Shokapu za Mbele na Mauntingi Zake: Kuzibadilisha Nyumbani kwa Mpangilio

Shokapu ya mbele ya magari mengi madogo si kipande kimoja. Ni vitu saba vilivyopangwa kwenye fimbo moja ya chuma: shokapu yenyewe, springi iliyoizunguka, raba ya kuzuia kugota, buti ya kuzuia vumbi, kikalio cha juu cha springi, beringi, na juu kabisa mauntingi, yaani bamba la chuma lililogandishwa na raba nene na kufungwa kwa nati kwenye bodi, chini ya boneti. Mwenye gari anapoambiwa "shokapu zimekufa", mara nyingi kilichokufa ni zaidi ya kimoja kati ya hivyo saba.

Mpangilio huu huitwa MacPherson, kwa jina la injinia Mmarekani Earle S. MacPherson, aliyeubuni miaka ya 1940 akiwa General Motors, kisha akahamia Ford na kuuendeleza huko. Magari ya Ford Consul na Ford Zephyr ya Uingereza, yaliyoonyeshwa mwaka 1950, yaliufanya ujulikane. Toyota Corolla ya kwanza, ya mwaka 1966, nayo iliutumia mbele. Sababu ya kuenea kwake ni nyepesi: una vipande vichache, na huacha nafasi kubwa ya injini katikati ya magurudumu. Corolla ya NZE121, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 na ambayo bado imejaa katika barabara za Afrika Mashariki, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Shokapu yake ya mbele hushikwa na nati tatu juu na bolti mbili chini.

Kila kipande na kazi yake

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda tuta, springi hubanwa, hujaa nguvu, kisha hutaka kuirudisha yote. Ikiachwa peke yake, gari hudunda mara tatu au nne kabla ya kutulia, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki wala kutii usukani.

Shokapu ipo ili kuimeza nguvu hiyo. Ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo na vali, inayopanda na kushuka katika oili. Oili hupenya kwenye matundu hayo kwa shida, na shida hiyo hugeuza mwendo kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya gari lililotoka safari ya barabara mbovu huwa ya moto ikiguswa. Nyingi za siku hizi zina pia gesi ya naitrojeni inayoikandamiza oili isifanye povu, kwa kuwa povu hupita kwenye vali bila upinzani, na shokapu hubaki kama haipo.

Mauntingi ina kazi mbili. Raba yake hunyonya mtetemo usifike kwenye bodi. Pamoja na beringi, huiwezesha pia shokapu yote kuzunguka, kwa sababu katika mpangilio wa MacPherson shokapu na springi huzunguka pamoja na gurudumu kila usukani unapokatwa, ilhali bodi haizunguki. Hapo juu ndipo kinachozunguka hukutana na kisichozunguka, na uzito wa kona nzima ya gari huangukia hapo hapo. Raba ikipasuka au beringi ikikwama, hata shokapu mpya kabisa haiwezi kufanya kazi yake vizuri.

Kutambua kilichoharibika

Shokapu inayovuja huonekana kwa macho. Unyevu mwepesi wa oili karibu na sili ya juu si lazima uwe ugonjwa, lakini oili inayotiririka na kushika vumbi hadi kuwa tope jeusi ni ugonjwa. Tairi nayo hutoa ushahidi: kiganja kikipitishwa juu yake huhisi mabonde na vilima, kwa sababu gurudumu limekuwa likirukaruka badala ya kubingirika. Gari huinamisha pua sana linapofunga breki, na kwenye kona huyumba kabla ya kushika njia. Kipimo cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu midundo hugundua shokapu iliyokufa kabisa, ila hakigundui iliyodhoofika nusu.

Mauntingi hupimwa kwa namna nyingine. Gari likiwa limesimama na kufungwa breki ya mkono, mtu mmoja hukata usukani polepole kulia na kushoto. Mwingine huweka kiganja kwenye ubavu wa springi, vidole vikiwa mbali na nafasi zilizo kati ya mizunguko yake. Beringi ikiwa nzima, springi huzunguka laini. Ikiwa imekwama, springi hujisokota, hukaza, kisha hufyatuka ghafla kwa mlio, na mshtuko wake husikika kiganjani. Boneti likifunguliwa huku mtu akilitikisa gari juu chini, mauntingi iliyochoka huonekana ikiinuka na kushuka kupita kiasi, au raba yake huonyesha nyufa na kuachana na chuma.

Kabla ya kununua chochote, jirani zake nao wakaguliwe. Kugonga kwa haraka haraka kwenye vijishimo vidogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, ambazo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na shokapu. Boljointi na bushi za mkono wa chini nazo hugonga. Watu wengi wamenunua shokapu mbili mpya, kisha wakarudi barabarani na kelele ile ile.

Kununua spea mbadala

Spea mbadala ni zile zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili ya gari husika, bila nembo ya kiwanda cha gari. Hazilingani kwa ubora. KYB ya Japani, ambayo chanzo chake ni kituo cha utafiti cha Kayaba cha mwaka 1919, huuzia viwanda vya magari vyenyewe, na pia huuza kwa jina lake madukani. Monroe ilianza Michigan, Marekani, mwaka 1916, na Sachs ni ya Ujerumani. Chini yao kuna majina mengi ya bei nafuu, mengine yakidumu na mengine yakivuja mapema. Zipo pia za mtumba kutoka Japani, ambazo kilomita zake hazijulikani na raba zake zimezeeka hata kama mwili wa shokapu ni mkavu.

Kinachoumiza zaidi ni bidhaa bandia. Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na soko la Kisekka jijini Kampala, spea halisi na ya bandia zinaweza kukaa rafu moja ndani ya maboksi yanayofanana. Kenya ina mamlaka yake ya kupambana na bidhaa bandia, na nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani, lakini ulinzi wa kwanza ni macho ya mnunuzi. Namba iliyo kwenye boksi sharti ilingane na iliyo kwenye mwili wa shokapu. Maandishi yawe safi, rangi isiwe na michirizi, na fimbo ing'ae bila mkwaruzo wowote. Shokapu ya gesi hufungwa kwa mkanda ikiwa imebanwa, na mkanda ukikatwa fimbo hupanda yenyewe taratibu. Isiyopanda haina gesi, au gesi yake imetoroka. Risiti yenye jina la duka nayo ihifadhiwe.

Spea huulizwa kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari pekee. NZE121 huendeshwa kwa magurudumu mawili na NZE124 kwa manne, na jina la Corolla peke yake haliwezi kumwambia muuzaji tofauti hiyo. Kulia na kushoto pia hutofautiana, kwa kuwa vishikio vya paipu ya breki na vya waya wa ABS hukaa upande wake.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, maana mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari livute na kuyumba. Mauntingi, beringi, raba ya kugota na buti ya vumbi huingia pamoja nazo. Hesabu yake iko wazi: kuifikia mauntingi ni lazima shokapu itolewe, springi ibanwe na nati ya katikati ifunguliwe. Aliyeziacha za zamani ili kubana matumizi hurudia kazi yote hiyo siku zitakapoanza kulia, na analipia alaimenti mara ya pili.

Spea huuzwa kwa namna mbili. Kuna shokapu tupu, ambayo mnunuzi huihamishia springi ya zamani, na kuna shokapu kamili, iliyofungwa kiwandani pamoja na springi na mauntingi yake. Ya pili ni ghali zaidi na haipatikani kwa kila gari, lakini humwondolea mtu sehemu ya hatari kuliko zote, yaani kubana springi. Wapo pia wanaojaza oili au gesi katika shokapu iliyochoka baada ya kuitoboa na kuichomelea. Sili iliyolika na vali zilizochakaa hubaki vile vile ndani, hivyo nafuu yake ni ya muda mfupi, na kuchomelea chombo chenye gesi iliyobanwa na oili ni kucheza na mlipuko. Kuweka spesa juu ya mauntingi ili gari liinuke nako si tiba ya shokapu. Hubadili pembe za magurudumu na kuzilazimisha jointi za ekseli kufanya kazi zikiwa zimekunjwa zaidi.

Vifaa na mahali

Kazi hii hufanyiwa mahali penye sakafu ngumu na tambarare. Mchangani au kwenye mteremko haifai. Vinahitajika jeki imara, stendi mbili za chuma, vizuizi vya magurudumu ya nyuma, soketi na spana za namba 12, 14, 17, 19 na 21, spana ya kupimia nguvu, ufunguo wa pembe sita, burashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, waya wa kufungia na chaki au rangi ya kuwekea alama. Kibanio cha springi huhitajika kwa anayetumia shokapu tupu. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa usiku wa kuamkia kazi, yapate muda wa kupenya.

Nati za magurudumu hulegezwa robo duru gari likiwa bado chini. Kisha mbele yote huinuliwa na kukalishwa kwenye stendi, pande zote mbili kwa pamoja, ili stabilaiza isivutwe na upande mmoja. Jeki ni ya kuinulia, kushikilia ni kazi ya stendi. Hakuna mtu anayepaswa kuingiza mkono au kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na mawe au matofali si badala ya stendi kwani matofali hupasuka bila onyo.

Kutoa shokapu

Upande mmoja humalizwa kabisa kabla ya kugusa wa pili, ili uliobaki uwe kielelezo cha kuangalizia.

Gurudumu likishatoka, jambo la kwanza ni alama. Shokapu hushikana na kifundo cha gurudumu, kile kinachobeba habu na breki, kwa bolti mbili kubwa. Matundu yake huwa na nafasi ndogo ya ziada, na nafasi hiyo huamua gurudumu limelala ndani au nje kiasi gani. Mstari wa chaki au rangi unaopita juu ya shokapu na kifundo kwa pamoja huonyesha vilikuwa vimekaa wapi. Shokapu mpya haina mstari huo, kwa hiyo umbali kutoka ukingo wa kishikio hadi kichwa cha bolti hupimwa au hupigwa picha kwa simu.

Paipu ya breki na waya wa ABS hufunguliwa kwenye vishikio vyake, bila kuifungua paipu yenyewe. Linki ya stabilaiza hutolewa, na jointi yake ikizunguka pamoja na nati, hushikiliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kisha kifundo hufungwa kwa waya kwenye bodi, au huwekewa jeki chini ya mkono wa chini. Hatua hii wengi huiruka. Kifundo kikiachwa huru huangukia nje, huning'inia kwenye paipu ya breki, na huweza kuitoa jointi ya ndani ya ekseli mahali pake.

Bolti mbili za chini hufuata. Nati ndiyo inayozungushwa huku kichwa cha bolti kikishikwa. Ikikataa, hupakwa mafuta tena na kusubiriwa, kwani kuilazimisha huvunja bolti. Mwisho kabisa hufunguliwa nati tatu za juu chini ya boneti, mkono mmoja ukiwa umeishika shokapu isidondoke. Nati ya katikati, ile kubwa iliyo kwenye ncha ya fimbo, haiguswi. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke.

Kubana springi

Springi iliyo kwenye shokapu imebanwa tayari, hata ikiwa imelala mezani. Nati ya katikati ikifunguliwa kabla springi haijafungwa kwenye kibanio, mauntingi huruka kwa nguvu ya kuvunja taya na kuua. Kwa sababu hiyo, asiyekuwa na kibanio imara, au ambaye hajawahi kuifanya kazi hii chini ya macho ya fundi, afanye jambo la busara: azitoe shokapu mwenyewe nyumbani, azipeleke gereji yenye kibanio cha kusimama, zihamishiwe springi na kurudishwa. Sehemu kubwa ya gharama huwa imeokolewa, na hatari imekabidhiwa kwa mwenye chombo chake.

Anayeifanya nyumbani huziweka kulabu mbili za kibanio pande zinazotazamana za springi, zikishika mizunguko mingi kadiri iwezekanavyo, na nyuzi za kibanio zikiwa zimepakwa grisi. Hukazwa kwa spana ya mkono, duru chache upande huu na duru chache upande ule, ili springi ibanwe ikiwa imenyooka. Uso na kifua havikai mbele ya ncha yoyote ya shokapu. Kulabu ikiteleza hata kidogo, kazi husimama na springi hulegezwa ianze upya. Ikishabanwa hadi ikacheza huru kwenye vikalio vyake, yaani ikiwa inaweza kuzungushwa kwa mkono, ndipo nati ya katikati hufunguliwa. Fimbo ikizunguka nayo, hushikwa kwenye ncha yake kwa ufunguo unaoingia hapo. Haishikwi kwa koleo kamwe. Mkwaruzo mmoja kwenye fimbo ya shokapu mpya utakuwa ukiikata sili kila gari linapopita kwenye tuta.

Vipande hutolewa na kupangwa chini kwa mfuatano wake, na picha hupigwa. Springi hukaguliwa kama ina ufa au kutu iliyokula chuma, hasa mzunguko wa chini kabisa, maana maji na mchanga hukaa hapo.

Kufunga

Shokapu mpya husimamishwa wima, ikapandishwa na kushushwa taratibu mara tatu nne kwa urefu wake wote. Shokapu hulazwa ghalani na dukani, na hewa au gesi huweza kuhamia kwenye chumba cha pistoni. Kuipampu hivi huirudisha mahali pake. Raba mpya na buti mpya huingia, springi huteremshwa, na ncha yake ya chini huzungushwa hadi iguse ukingo wa kikalio uliotengenezwa kuipokea. Springi isiyokaa kwenye ukingo huo itajizungusha na kulia siku ya kwanza. Kikalio cha juu nacho kina upande wake. Kwenye Toyota nyingi alama ya neno OUT huelekezwa nje ya gari. Beringi na mauntingi mpya hufuata, kisha nati mpya ya katikati, kwa sababu nati za aina hii hujifunga zenyewe na hazipaswi kutumiwa mara mbili. Springi huachiliwa kama ilivyobanwa, kidogo kidogo kwa zamu, huku ncha zake zikiangaliwa zisitoke mahali pake.

Shokapu hurudishwa kwa kuanza na nati za juu, zikifungwa kwa vidole tu. Bolti za chini hupitishwa, kipimo kilichochukuliwa mwanzo hurudiwa, na ndipo kila kitu hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti za chini hukazwa kwa nguvu kubwa kuliko nati tatu za juu, na kiasi kamili hutoka kwenye kitabu cha ukarabati cha gari lenyewe. Nati za magurudumu za Corolla hukazwa kwa nyutoni-mita 103, sawa na kukandamiza kwa uzito wa takriban kilo 21 mwishoni mwa spana ya nusu mita. Paipu ya breki na waya wa ABS hurudi kwenye vishikio vyake, kisha usukani hukatwa hadi mwisho pande zote kuhakikisha kuwa hakuna kinachovutwa wala kusuguliwa.

Nyuma ya NZE121 kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa magurudumu yamebebwa na boriti moja. Sheria moja ndiyo ya kukumbukwa huko: bolti inayopita kwenye bushi ya raba hukazwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Ikikazwa likiwa limening'inia, raba huanza maisha yake ikiwa imesokotwa, na hupasuka mapema.

Baada ya kazi

Gari hushushwa na kuendeshwa polepole mahali pasipo na magari mengi, redio ikiwa imezimwa. Breki hujaribiwa kwanza. Mlio wa kugonga hapo mara nyingi hutokana na nati iliyolegea au springi isiyokaa vizuri, na hurekebishwa kabla ya safari yoyote. Kisha gari hupelekwa kupimwa alaimenti, hata kama alama zilifuatwa kwa uaminifu, kwa sababu kosa dogo lisiloonekana kwa macho hula tairi mpya upande mmoja. Baada ya kilomita 100 hivi, nati za magurudumu, za juu na za chini huguswa tena kwa spana.

Shokapu za zamani hazichomwi moto wala kukatwa kwa gesi, kwani bado zina oili na shinikizo ndani, na hupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zikiwa nzima. Kilomita na tarehe ya kazi huandikwa kwenye daftari la gari. Watengenezaji kadhaa hutaja kilomita 80,000 kuwa umri wa kuangalia upya shokapu, na kwenye barabara za vumbi na mashimo ukaguzi huo hufanywa mapema zaidi.